Fundi wa Bendera, Kibuye

Nyota hamsini ni kazi ya usiku mzima.
Ukipunja moja, mjumbe wa itifaki huhesabu
kwa ncha ya kalamu, hata kuketi hataki,
kisha anakata bei.
Zile nyota tano za manjano ni nafuu,
moja kubwa, nne zikiielekea kama vifaranga,
ila kitambaa chake chekundu huchuja,
huniacha na vidole vya mtu aliyechinja.

Mimi Zablon Amwayi, kibanda cha tatu
ukitokea kwa wauza mitumba.
Dunia nzima imepita chini ya sindano hii
nami sijavuka Busia.

Mwaka ule wa barabara mjumbe alikuja mbio:
Shona nyekundu, arobaini,
toka uwanja wa ndege mpaka gatini.
Nikashona. Wageni wakakata utepe,
wakala mbuta mzima hadi macho.
Mwezi wa pili haujaandama, huyo tena:
Ziweke zile. Wa nyota hamsini wamesikia,
wamenuna, wanakuja na dawa na vyandarua.
Na wa barabara je?
Akasema, barabara imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Iliishia kwenye mpunga
kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje.

Njia mbili zilimshinda fisi, ndivyo tulivyofunzwa.
Fisi hakuwa na wizara.
Na fahali wakipigana nyasi huumia,
lakini nyasi za kwetu zimeerevuka,
humnong'oneza kila fahali:
nimeota kwa ajili yako tu.

Sicheki mtu. Uzi nakopa kwa Vadgama,
na nikiwa na deni kwake napita kwa Okwiri,
namwambia Vadgama ni mwizi, wewe ndiwe ndugu.
Kwa Vadgama nasema hivyo hivyo, kwa adabu zaidi.
Miaka kumi na minne cherehani haijalala njaa.

Basi ikafika Alhamisi ile.
Ofisini walikosea tarehe, au hawakukosea,
wageni wote wakaalikwa siku moja.
Mjumbe akanijia usiku, tai mfukoni:
Zablon, mlingoti ni mmoja.
Shona pande mbili, huku hawa, huku wale.
Asubuhi upepo hutoka nchi kavu,
wa kwanza wataona yao;
alasiri ziwa litapuliza, bendera itageuka,
wa pili wataona yao.
Nikamwangalia. Hakuwa anatania.
Nikaongeza bei, nikashona.

Asubuhi ilikwenda kama alivyosema.
Wa kwanza wakapiga saluti, wakapiga picha.
Lakini gugumaji lilikuwa limeziba ghuba,
mashua yao ikakwama, hawakuondoka kwa wakati,
na wa pili wakawahi.
Saa sita upepo ukagoma.
Kitambaa kikaning'inia kama dekio,
ukingo mmoja mwekundu, ukingo mmoja wenye mistari,
na mshono wangu katikati, umenyooka,
niseme kweli, mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kushona.

Wakausogelea, hawa kwa hawa.
Mzee mmoja wao akaushika, akaufunua
kama mtu anayekagua shuka la hoteli.
Nilingoja matusi.
Wakacheka.
Wakaanza kuongea wao kwa wao, chini kwa chini,
mkalimani wetu akajongea, wakampungia mkono
arudi kwenye kivuli.
Saa nzima. Kisha wakapanda gari moja
na vumbi lao likawa moja.

Mjumbe akabaki na mlingoti.
Akaniuliza, walisema nini?
Nikamwambia mimi ni fundi tu, nilipwe.
Mpaka leo sijalipwa.

Jana nikaenda kwa Vadgama kukopa rola ya uzi mweupe.
Nimemkuta barazani, chai mkononi,
na kwenye benchi hilo hilo, bega kwa bega naye,
Okwiri.
Wamefungua madaftari mapajani,
kila mmoja kidole juu ya jina langu,
wanalinganisha.